Vinywele vya tairi havisemi umri

Ukipita maduka ya tairi Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, utaambiwa: "Gusa hivi vinywele, boss, ni mpya kabisa!" Vinywele huonyesha tu kwamba tairi haijatembea sana. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Umri umechapwa ubavuni, mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, hiyo ni ya kabla ya 2000, jiendee zako. Usipoziona, geuza tairi, kwani mara nyingi huwa upande mmoja tu. Soma kabla fundi hajaifunga, na muuzaji aiandike namba hiyo kwenye risiti. Bila hivyo, mkibishana kesho utathibitishaje kuwa ni tairi ileile?