Mapezi ya buluu ya AC: dhana potofu kuhusu metali inayopenda maji

Fungua kifuniko cha AC ya ukutani, iwe Nyali au Tudor hapa Mombasa, na nyuma ya chujio utakuta mapezi membamba ya alumini, mara nyingi yamepakwa buluu. Muuzaji atakwambia ni nano. Fundi atakwambia haiozi hata ukiishi ufukweni. Kuna ukweli kidogo ndani yake, ila umechanganywa na mengi yasiyo kweli.

Dhana: nano ni ile inayofukuza maji.

Hii imeletwa na vichupa vya kupulizia vioo vya gari, vinavyofanya maji yajikunje na kuteleza kama kwenye jani la majimbi. Lakini nano ni kipimo, si tabia. Nanomita 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita; unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Mpako mwembamba kiasi hicho waweza kufukuza maji au kuyavuta, kutegemea umeundwa kwa nini. Kinachopimwa ni pembe ambayo tone linafanya na uso uliolibeba. Ikiwa chini ya nyuzi 90, uso huo unapenda maji. Ikizidi hapo, unayakataa. Ikikaribia 0, hakuna tena tone, kuna utando tu. Mwingereza Thomas Young aliieleza pembe hiyo mwaka 1805, kabla hata neno nano halijaingia maabara.

Umbo la nano linaongeza kitu kimoja kikubwa: mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Mtafiti Robert Wenzel alionyesha mwaka 1936 kwamba mikwaruzo huzidisha tabia iliyopo. Uso unaopenda maji huzidi kuyapenda, unaoyakataa huzidi kuyakataa. Chemsha kipande safi cha alumini ndani ya maji safi na juu yake vitaota vijibapa vidogo mno, kisha tone utakalolidondosha litatandaa lote. Hakuna dawa ya bei ghali hapo.

Mapezi ya ndani ya AC yanataka kupenda maji, na sababu ni hewa yetu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25, na mapezi huwa baridi kuliko hapo kwa mbali. Nafasi kati ya pezi na pezi ni milimita 1 au 2. Matone yakijikusanya hapo huunganisha pezi na jirani yake, njia ya hewa inaziba, feni inahangaika, na mengine hurushwa hadi kitandani. Maji yakitandaa huwa utando mwembamba unaoteremka wenyewe hadi kwenye sinia na bomba la kutolea.

Dhana: buluu huzuia chumvi ya bahari.

Rangi ni rangi tu. Imetiwa na kiwanda, na haikwambii chini yake kuna nini. Tabaka linalopenda maji halikuwekwa kuzuia kuoza. Kazi hiyo ni ya tabaka jingine lililo chini yake, mara nyingi la epoksi au akriliki (aina za plastiki ngumu), kama kiwanda kimeliweka. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteza pesa. Kasha la nje, lile linalopigwa na upepo wa kusi, halitoi maji wakati AC inapoza, kwa hiyo mapezi yake hayafaidiki na mpako wa kutandaza maji. Linachohitaji ni kinga. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, kwa hiyo Mombasa chembe za chumvi hugeuka maji ya chumvi bila hata mvua kunyesha. Alumini ikigusana na bomba la shaba ndani ya maji hayo, alumini ndiyo inayoliwa, ikibaki unga mweupe. Ukinunua AC, uliza kuhusu tabaka la chini, na usiridhike na jibu la “ni buluu, haina shida”.

Dhana: metali tupu kwa asili hukataa maji.

Kinyume chake. Dhahabu iliyosafishwa kabisa hutandaza maji, na alumini nayo huvaa utando wa oksidi (alumini iliyoungana na oksijeni) wenye unene wa nanomita chache mara tu inapogusa hewa, utando ambao nao unapenda maji. Kinachokataa ni uchafu wa mafuta unaotua kutoka hewani. Ndiyo maana mpako wa AC iliyo karibu na jiko la kukaangia viazi karai huchoka mapema.

Dhana: kinachovuta maji hufukuza mafuta.

Hewani, la. Mafuta yana mvutano wa uso (ile nguvu inayofanya tone lijikunje) mdogo kuliko maji, hivyo hutandaa kwa urahisi juu ya uso huohuo. Ukiuzamisha uso huo majini ndipo mambo hugeuka: maji yakishaushika, mafuta hayapati pa kukaa.

Dhana: maji yakitandaa, joto hupita vizuri zaidi.

Inategemea. Mvuke ukigeuka maji juu ya bomba safi, matone yanayodondoka hupitisha joto vizuri mara kadhaa kuliko utando, jambo lililojulikana Ujerumani tangu 1930. Kwenye mapezi ya AC tunaukubali utando kwa ajili ya njia ya hewa.

Ukitaka kujua kama mpako wako bado hai, zima umeme, subiri mapezi yakauke, kisha dondosha tone moja. Likitandaa, bado upo. Likisimama duara, huenda ni mafuta tu: osha kwa sabuni laini na ujaribu tena, wala usimruhusu fundi amwage asidi, kwani hiyo hung'oa mpako wenyewe. Jaribio hili halisemi lolote kuhusu lile tabaka la chini.