Mapipa ya Mbao za Dhoruba na Bia Inayolazwa Ndani Yake

Mtengenezaji wa bia anayenijia akitaka pipa lililoundwa kwa mbao za mti ulioangushwa na dhoruba mara nyingi huwa ameshatunga maneno ya lebo ya chupa kabla ya kuniuliza lolote kuhusu mti wenyewe. Simlaumu, kwa sababu habari ya mti mkongwe uliong'olewa na upepo huvutia wanunuzi. Hata hivyo, mimi kama fundi wa mapipa humuuliza mambo matatu ambayo hayaingii kwenye lebo: mti ulianguka namna gani, ulikaa chini muda gani kabla ya kupasuliwa, na katika muda huo ulihifadhiwaje. Bia haiwezi kuonja upepo, lakini kila uzembe uliofanyika baada ya upepo kupita inauonja.

Mti uliong'oka na mizizi yake na mti uliovunjika katikati ya shina havihesabiwi sawa. Ule ulioinama chini huku sehemu ya mizizi ikiwa bado imeshika udongo unaweza kubaki na unyevu wake, pengine hata kuchipua majani katika msimu unaofuata, na hali hiyo humpa mwenye mti nafasi ya kutafuta msumeno. Ule uliovunjika huanza kukauka kwenye jeraha, nyufa huingia kutoka mwishoni, na kuvu na dumuzi hufuata. Baada ya dhoruba Lothar na Martin kupiga Ufaransa mwishoni mwa Desemba 1999, miti iliyoanguka ilikuwa mingi kupita uwezo wa viwanda vya mbao, na sehemu ya magogo ikahifadhiwa kwa miaka chini ya mitambo ya kunyunyizia maji, kwa kuwa gogo lililojaa maji halina hewa ya kutosha kuwalisha kuvu wala wadudu. Mwenye gogo moja hahitaji mitambo ya aina hiyo. Ayapake nta miisho yote miwili mapema, aliinue gogo lisiguse udongo, kisha alipeleke kupasuliwa kabla msimu wa joto haujaingia.

Kasoro ninayoiogopa zaidi haionekani kwa macho gogo likiwa zima. Upepo mkali unapolipinda shina, nyuzi za upande ulioelekea chini ya upepo hubanwa kwa nguvu kiasi cha kujikunja na kuvunjika, hata kama mti haukuanguka siku hiyo bali ulikuja kuangushwa na dhoruba nyingine miaka mingi baadaye. Kinachobaki ni mistari myembamba inayokata nyuzi kwa mkingamo, ambayo msumeno huificha na randa huifichua, tena kwa mwanga wa kutoka ubavuni tu. Ubao wa meza wenye mstari wa namna hiyo unaweza kudumu maisha ya mtu. Kibao cha ubavu wa pipa, ambacho kwa kawaida kina unene wa milimita 27 hivi na lazima kipindwe juu ya moto, hukatika papo hapo kwenye mstari huo, na mkatiko wake huwa mfupi na butu kama wa karoti, bila vibanzi virefu vinavyotokea mbao nzima inapovunjika. Kwa sababu hiyo mbao nyingi za dhoruba ninazozikubali huishia kuwa vifuniko vya pipa, kwa kuwa kifuniko hakipindwi. Anayeshikilia kwamba pipa lote litokane na mti mmoja nitamtimizia endapo shina lake litaruhusu, ila awe tayari kuona sehemu kubwa ya mti ikienda kwenye kuni.

Aina ya mti nayo haichaguliwi na dhoruba. Mwaloni mweupe una sifa ambayo wenzake wengi hawana: mishipa yake ya kupitisha maji huzibwa na vijitando viitwavyo tailosisi, na ndiyo maana pipa lake halivuji. Mwaloni mwekundu, hata uwe mnyoofu na mzuri kiasi gani, mishipa yake hubaki wazi, na kipande chake kifupi unaweza kukipuliza upande mmoja hewa ikatokea upande wa pili. Cheri, chestinati na robinia hutumika pia, na kila mmoja una ladha yake. Miti ya kando ya barabara naipitisha kwanza kwenye kifaa cha kutambua chuma, kwani msumari uliomezwa na shina miongo iliyopita huharibu msumeno, na chuma kikikutana na tanini, kemikali chungu iliyomo ndani ya mbao, huacha doa jeusi ambalo haliondoki. Mbao zilizotolewa kwenye majengo yaliyobomolewa na kimbunga sizipokei kabisa, maana huwezi kujua ziliwahi kupakwa rangi gani au dawa gani.

Wapo wanaodhani kwamba mti uliolala msituni miaka miwili umekwisha kukomaa. Gogo lililo ndani ya gome lake halikomai, linaoza polepole. Kukomaa huanza baada ya gogo kupasuliwa, vibao vinapopangwa nje kwa nafasi ili mvua, jua na upepo vivifikie kwa miezi 24 hadi 36. Mvua huosha sehemu ya tanini chungu, kuvu wadogo wa juu juu hubadilisha kemia ya ubao, na unyevu hushuka hadi karibu asilimia 15. Tanuri la kukaushia hufika kwenye kiwango hicho cha unyevu kwa muda mfupi, lakini ukali hubaki ndani, na katika bia ukali huo hujitokeza upesi kuliko katika divai nyekundu, ambayo yenyewe ina tanini za kuuficha.

Kubabua ndani ya pipa ndiko kunakozaa harufu ambazo watu huzihusisha na mwaloni. Joto huvunja hemiselulosi na lignini, viambato viwili vinavyounda mbao: hemiselulosi hutoa ladha za sukari iliyoungua, na lignini hutoa vanilini, yaani harufu ya vanila, pamoja na harufu za moshi na viungo. Laktoni, zenye harufu ya nazi, zimo ndani ya mbao tangu mwanzo, na moto mkali sana huzipunguza. Kwa bia napendelea moto wa wastani uliokaa muda mrefu, kuliko ule wa kuunguza hadi mkaa.

Hapa ndipo watengenezaji wengi hukosea hesabu, kwa kuwa uzoefu wao ni wa mapipa yaliyokwisha kulaza bourbon, wiski ya Marekani. Sheria ya Marekani inataka bourbon ilazwe katika mwaloni mpya uliounguzwa, hivyo pipa likimfikia mtengenezaji wa bia, wiski imeshachukua sehemu kubwa ya nguvu ya mbao, na bia inaweza kukaa humo miezi sita hadi kumi na miwili bila madhara. Pipa la mbao za dhoruba ni pipa jipya, hata kama mti ulikuwa na miaka mia mbili. Ujazo wa kwanza upewe bia nzito, mfano stauti nyeusi yenye kileo cha asilimia 10 au zaidi, ionjwe kila wiki, na itolewe baada ya wiki chache, mara tu mbao inapoanza kusikika kabla ya kimea. Katika pipa la lita 50 muda huo hupungua zaidi kuliko katika la lita 225, kwa kuwa kila lita hugusana na eneo kubwa zaidi la mbao. Ujazo wa pili huvumilia miezi. Kuanzia wa tatu pipa hufaa kwa bia chachu yenye hamira aina ya Brettanomyces, ambayo baadhi ya jamii zake huweza kula hata selobiosi, sukari ambayo hamira ya kawaida haiiwezi.

Kabla ya ujazo wowote pipa lijazwe maji ya moto ili mbao zivimbe, na matundu ya dumuzi yazibwe kwa vijiti vya mbao vilivyochongwa. Tundu dogo lisilovujisha tone linaweza kupitisha hewa, na oksijeni ikiendelea kuingia, bakteria wa asetiki wataigeuza bia kuwa siki. Kwa kuonja, toboa kifuniko tundu jembamba, lizibe kwa msumari wa chuma kisichoshika kutu, na uung'oe unapotaka kionjo. Njia hiyo ni salama kuliko kufungua kizibo cha juu kila mara na kukaribisha hewa.

Pipa ambalo vifuniko vyake pekee ndivyo vilivyotoka kwenye mti wa dhoruba hutoa ladha ya mbao taratibu zaidi endapo mbavu zake ni za pipa lililokwisha kutumika, na mara kadhaa nimeona bia yake ikitulia vizuri kuliko ile ya pipa jipya lote. Lebo yake nashauri iseme hivyo hivyo, kwamba ni vifuniko.