Punda anasikia uchungu: dhana potofu za hapa Lamu

Haipiti wiki bila mwenye punda kuniambia, "Daktari, punda hasikii uchungu. Mguu ukimuuma mtie chuma cha moto, wazee wetu walifanya hivyo." Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayoua.

Punda anasikia uchungu, ila hapigi kelele. Asili yake ni punda mwitu wa nyika kavu za Pembe ya Afrika, ambako mnyama anayeonyesha udhaifu huliwa kwanza. Kwa hiyo akiumwa hutulia. Masikio hulegea, kichwa huinama, hujitenga na wenzake, na mwisho huacha kula. Akiacha kula, usingoje kesho. Mafuta ya mwili huyeyuka yakajaa kwenye damu, ini na figo zikashindwa kazi, na siku chache baadaye umempoteza. Kisha naambiwa alikufa ghafla! Alikuwa akikuonyesha tangu juzi, jamani.

Na huo mguu? Mara nyingi ni usaha ndani ya ukwato, au kwato zilizoachwa zikarefuka. Kisu cha kwato na dawa vinatosha. Chuma cha moto kinaongeza kidonda juu ya maradhi, na kidonda hufungulia njia pepopunda, ambayo punda huipata upesi na hupona kwa nadra. Anayetetea kumchoma mnyama kwa jina la dini akumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona punda aliyepigwa chapa usoni akamlaani aliyefanya hivyo. Imo katika Sahih Muslim.

"Serikali inataka kutunyang'anya mbio za punda." Hapana. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha au kumkimbiza kupita kiasi, na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ana kidonda. Mbio zenyewe haikuzipiga marufuku, na Katiba ya 2010 inalinda utamaduni. Mpande punda mzima, aliyekunywa maji, na fimbo iache nyumbani.

"Punda ni mkaidi." Anayegoma bandarini na mifuko ya saruji mgongoni, mara nyingi ana kidonda chini ya shogi, yaani mifuko ya mizigo anayovishwa mgongoni. Inua shogi utazame kabla hujainua mkono. Na kamba za nailoni nimezisema mpaka nimechoka: zinakata ngozi. Tumieni za pamba, na matandiko mazito yaliyokauka.

"Nyama ya kasa ni chakula cha mababu, haina neno." Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamlinda kasa, na nyama yake inaweza kuwa na sumu isiyoondoka hata ikipikwa. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kuila. Akinasa wavuni, mrudisheni majini akiwa hai.