Kwa Nini Wi-Fi ya Gigahezi 5 Huchelewa Kutokea Umeme Ukirudi

Umeme umerudi, taa za ruta zinawaka, simu inaona Wi-Fi ya gigahezi 2.4, ila ile ya gigahezi 5 haipo. Wengi huchomoa ruta na kuichomeka upya. Kumbe haijaharibika, inasikiliza kama kuna rada karibu, na ukiizima inaanza kuhesabu upya.

Sehemu kubwa ya masafa ya gigahezi 5 ina wenyewe. Kati ya megahezi 5250 na 5350, na kati ya 5470 na 5725, wenyeji ni rada, zikiwemo za kijeshi na za hali ya hewa. Mwaka 2003 mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio chini ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, uliikaribisha Wi-Fi humo kwa sharti kwamba mgeni ampishe mwenyeji. Kwenye mipangilio ya ruta utaratibu huo huandikwa DFS, na chaneli zake, yaani vipande vya masafa vilivyopewa namba, ni 52 hadi 64 na 100 hadi 144. Chaneli 36 hadi 48 hazimo.

Kabla ya kurusha mawimbi kwenye chaneli za DFS, ruta hukaa kimya sekunde 60. Kwa kanuni za Ulaya, chaneli ikigusa megahezi 5600 hadi 5650, ukimya huwa dakika 10, maana huko ndiko ziliko rada za hali ya hewa. Hata ikiwa hewani haiachi kusikiliza. Ikisikia mapigo ya rada, huvijulisha vifaa chaneli mpya, huhama ndani ya sekunde 10, na chaneli ile haiigusi tena kwa dakika 30.

Ukali huo una sababu. Rada ya mvua hutuma pigo kali, kisha hungoja mwangwi hafifu mno kutoka kwenye matone yaliyo makumi ya kilomita mbali. Antena ya intaneti juu ya mnara ikirusha katika masafa yaleyale, mwangwi unafunikwa. Kwenye skrini hutokea mstari ulionyooka kutoka kwenye rada kuelekea ilipo antena, umbo ambalo mvua haina, na katika uelekeo huo mtabiri hawezi kuiamini picha. Mwaka 2009 rada inayolinda uwanja wa ndege wa San Juan, Puerto Rico, iliingiliwa namna hii.

Kwa hiyo fundi akitaka kubadilisha nchi kwenye mipangilio ili DFS izimike, mkatalie. Weka nchi uliyopo. Usipotaka kusubiri, tumia chaneli 36 hadi 48 kwa upana wa megahezi 80. Angalia upana huo vizuri: ukichagua 160 ukianzia chaneli 36, tayari umeingia 52 hadi 64, na ukimya unarudi.

Mtandao ukihamahama kila mara, fungua kumbukumbu za ruta utazame kama imeandika kuwa imesikia rada. Wakati mwingine si rada, ni antena mbili zilizofungwa karibu mno kwenye nguzo moja, moja ikiidanganya nyenzake. Zitenganishe, au uzipe chaneli zilizo mbalimbali.

Na kama simu inaona mtandao lakini televisheni ya zamani haiuoni, pengine televisheni hiyo haikutengenezewa chaneli za DFS. Iunganishe kwenye gigahezi 2.4.