Maarifa yaliyotangulia: jinsi uhalali wa hataza ya uvumbuzi wa elektroniki unavyopingwa

Hataza ni haki ya kipekee ambayo dola humpa mvumbuzi, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu alipowasilisha ombi lake, ili mtu mwingine asitengeneze, asiuze wala asitumie uvumbuzi huo bila idhini yake. Haki hiyo haitolewi bure: mvumbuzi anatakiwa kuueleza uvumbuzi wake hadharani, na uvumbuzi wenyewe uwe mpya. Sharti hilo la upya ndilo linalozaa dhana ya maarifa yaliyotangulia, yaani mambo yote yaliyokuwa yamekwisha kuwekwa wazi kwa umma, popote duniani na kwa lugha yoyote, kabla ya tarehe ambayo ombi la hataza huhesabiwa kuanzia. Ikithibitika kwamba kilichodaiwa kuwa kipya kilikuwa tayari kimo katika maarifa hayo, hataza hubatilishwa, hata kama mwenyewe ameshailipia ada kwa miaka kumi.

Wengi hushangaa kusikia kwamba hataza iliyopita mikononi mwa mkaguzi wa serikali inaweza kuanguka. Sababu ni kwamba mkaguzi hufanya kazi kwa muda mfupi, na hupekua zaidi yale yaliyo rahisi kupatikana, hasa hataza za zamani. Katika elektroniki, ushahidi mzito mara nyingi umelala kwingine: katika karatasi ya maelezo ya kijenzi kimoja cha saketi, kitabu cha mafundi wa kutengeneza televisheni, rasimu ya viwango vya mawasiliano, mada iliyosomwa kwenye kongamano, au ndani ya kifaa chenyewe kilichouzwa dukani na ambacho mtu yeyote angeweza kukifungua na kukichunguza.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Mtu husoma kichwa cha hataza, kisha husema, “Mbona kitu hiki kilikuwapo zamani!” Kauli hiyo haina nguvu yoyote kisheria. Kinacholindwa si kichwa wala wazo la jumla, bali ni madai, yaani zile sentensi zilizohesabiwa namba mwishoni mwa hati, ambazo kila neno lake limepimwa. Tuchukue mfano wa kubuni wa dai la chaja yenye vipengele vinne: kihisi joto kinachogusa betri, saketi ya udhibiti, swichi, na utaratibu wa kupunguza mkondo hatua kwa hatua joto linapovuka kiwango kilichowekwa. Mpingaji amepata karatasi ya zamani inayoonyesha kihisi, saketi na swichi, lakini chaja hiyo ya zamani hukata mkondo wote mara moja. Vipengele vitatu kati ya vinne vimepatikana, na bado dai linahesabika kuwa jipya. Ili upya uvunjwe, hati moja lazima ionyeshe vipengele vyote, vikiwa vimepangwa kama dai linavyovipanga, na kwa maelezo yanayomwezesha fundi kukitengeneza kitu hicho.

Mpingaji hajafungiwa njia, kwa kuwa hataza inahitaji pia hatua ya uvumbuzi, yaani kitu kilichodaiwa kisiwe dhahiri kwa mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo. Akipata hati ya pili, tuseme ya chaja ya kifaa kingine, inayopunguza mkondo kwa hatua, anaweza kudai kwamba mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo angeziunganisha hati hizo mbili bila kuhitaji kipaji cha pekee. Kuziweka hati mbili mezani hakutoshi. Lazima ielezwe ni kitu gani kingemsukuma mtaalamu huyo kuziunganisha. Mahakama ya Juu ya Marekani iligusa jambo hilo mwaka 2007 katika kesi ya kampuni ya KSR dhidi ya kampuni ya Teleflex, iliyohusu kanyagio la gari linaloweza kurekebishwa na kufungwa kihisi cha kielektroniki. Kanyagio la namna hiyo lilikuwapo, na vihisi vilikuwapo. Mahakama ilisema kwamba mtaalamu wa kawaida naye ana ubunifu wa kawaida, wala si mashine isiyofikiri, na dai likaanguka kwa kuwa muunganiko huo ulikuwa dhahiri. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo ina uzito wa pekee katika elektroniki, fani ambayo vifaa vyake vingi hujengwa kwa kuunganisha vijenzi vinavyojulikana.

Baada ya madai, jambo la pili la kuangalia ni tarehe. Tarehe ya hataza kutolewa haina maana hapa. Inayohesabika ni ile ya kuwasilisha ombi, au ya ombi la awali zaidi ambalo mwombaji anategemea kipaumbele chake, yaani anaomba ahesabiwe tangu tarehe ya ombi hilo. Tarehe 9 Januari 2007 Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, alisimama jukwaani kuonyesha simu ya iPhone, na katika maonyesho hayo picha iliyosukumwa hadi ukingo wa kioo ilirudi kama iliyovutwa na mpira. Ombi la hataza ambalo Apple ililitegemea Ulaya lilikuja miezi kadhaa baadaye. Nchini Marekani mvumbuzi ana mwaka mmoja wa kuwasilisha ombi baada ya kujitangaza mwenyewe, lakini sheria ya hataza ya Ulaya haina nafuu hiyo. Kwa hiyo mwaka 2013 Mahakama ya Hataza ya Ujerumani iliibatilisha hataza hiyo, na ushahidi ulikuwa video ya maonyesho ya Apple yenyewe.

Kosa la namna hiyo si geni. Ombi la hataza ya ENIAC, kompyuta kubwa ya kielektroniki iliyojengwa Marekani, liliwasilishwa tarehe 26 Juni 1947, na hataza ikatolewa mwaka 1964. Kampuni ya Sperry Rand, iliyoimiliki, ilianza kudai malipo kwa watengenezaji wengine wa kompyuta, na Honeywell ikapinga. Katika hukumu ya mwaka 1973, Jaji Earl Larson aliona kwamba mashine hiyo ilikwisha kutumika zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ombi, kwamba ripoti ya mwanahisabati John von Neumann ya mwaka 1945 ilikwisha kuyaweka wazi mambo ya msingi, na kwamba sehemu ya uvumbuzi ilitokana na kazi ya mwanafizikia John Atanasoff, ambaye John Mauchly, mmoja wa wavumbuzi waliotajwa, alimtembelea Iowa mwaka 1941. Hataza ikabatilishwa.

Mahali pa kupinga hubadili ushahidi unaohitajika. Katika Ofisi ya Hataza ya Ulaya, mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi ndani ya miezi 9 tangu hataza itangazwe. Nchini Marekani, mahakama hudai ushahidi ulio wazi na wa kushawishi, kipimo kilichothibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2011, ilhali utaratibu wa mapitio ulioanza mwaka 2012 mbele ya bodi ya ofisi ya hataza unataka tu ushahidi wa mpingaji uwe mzito kuliko wa mwenzake. Bodi hiyo, hata hivyo, hupokea hataza na machapisho peke yake. Simu ya zamani yenyewe haiwezi kuwa msingi wa pingamizi huko, bali kitabu chake cha maelekezo kinaweza, mradi ithibitishwe kwamba umma ungeweza kukipata, na tangu lini. Ndiyo maana mpingaji makini hutafuta ukurasa wa kitabu hicho wenye tarehe, au nakala ya tovuti iliyohifadhiwa na Internet Archive, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao. Bodi ikishatoa uamuzi wa mwisho unaoliacha dai likisimama, aliyepinga hawezi kwenda mahakamani na hoja aliyoitoa mbele yake, wala na ile ambayo angeweza kuitoa akanyamaza.