Je, wajua kwa nini pampu ya kunyonya hewa huvuta saa nzima na geji ya shinikizo isishuke?

Mwaka 1966 Philo Farnsworth, Mmarekani yule yule aliyeonyesha televisheni ya kielektroniki mwaka 1927, alipata hataza ya chombo kinachoitwa fuza. Ni chungu cha chuma cha pua kilichonyonywa hewa, na katikati yake kimening'inizwa kizimba kidogo cha waya chenye umeme hasi wa volti 20,000 hadi 40,000. Ukiingiza deuteri, yaani hidrojeni nzito, viini vyake huvutwa kwa kasi kuelekea kizimbani, na vichache sana kati yake hugongana vikaungana. Umeme hakizalishi, kinaula tu. Lakini muungano wa nyuklia ni wa kweli, na wapo watu wa kawaida walioufanya kwa vyombo walivyounda wenyewe. Taylor Wilson wa Marekani aliufanya mwaka 2008 akiwa na miaka 14.

Ukisikia hivyo unadhani kazi ngumu ni nyuklia. Kumbe kinachowakesha watu ni utupu.

Hewa tunayovuta ina shinikizo la paskali 101,000 hivi. Ndani ya fuza inatakiwa ishuke kwanza chini ya paskali 0.01, ndipo deuteri iruhusiwe kidogo kidogo hadi paskali 1 au 2. Hapo hutumika pampu mbili zilizofuatana. Ya kwanza ni ndugu wa ile anayobeba fundi friji, na wengi huanza na hiyo hiyo kwa kuwa ni rahisi. Ya pili ama husukuma gesi kwa mvuke wa oili, ama kwa mapanga yanayozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Zote zinanguruma, saa inapita, na geji imegoma palepale. Hewa inatoka wapi?

Fundi friji ana nusu ya jibu. Akishavuta hewa kwenye mabomba hufunga vali, akatulia akiitazama geji. Mwenye fuza hufanya vivyo hivyo, ila yeye haangalii tu kama mshale unapanda, anaangalia unavyopanda. Ukipanda kwa mwendo uleule bila kuchoka, kuna tundu, maana hewa ya nje haiishi. Ukipanda haraka kisha ukalegea, hakuna tundu: ni kuta zenyewe zinazotema gesi.

Na gesi hiyo mara nyingi ni maji. Chuma kinachoonekana kikavu kabisa kimevaa utando wa maji kilioutoa hewani, na kila chombo kinapofunguliwa utando huo hurudi. Mafuta ya vidole nayo yamo. Ndiyo maana watu hawa hushika vipande kwa glavu kama madaktari. Dawa ya maji ni joto: chombo huzungushiwa mikanda ya kupasha na kuachwa kwa saa nyingi pampu ikivuta, kwa uangalifu, maana mipira ya kuzibia haivumilii kila moto.

Mchawi mwingine ni skrubu. Ikikazwa kwenye shimo lisilotokea upande wa pili, hunasa hewa kidogo chini yake, nayo hiyo hewa hupenya kwenye hesi pole pole kwa siku kadhaa. Ukitafuta tundu nje hulioni, kwa sababu halipo. Mafundi hutoboa skrubu katikati ili hewa hiyo itoke mara moja.

Tundu la kweli linatafutwa kinyume cha fundi baiskeli. Yeye huzamisha tyubu kwenye karai akasubiri mapovu. Hapa hewa inaingia, haitoki, kwa hiyo umeme ukiwa umezimwa hudondoshwa spiriti kidogo kwenye kila kiungo. Geji ikishtuka ghafla, umepata mahali. Maabara zenye fedha hutumia heliamu na mashine ya kuinusa.

Mwanga wa gesi inayowaka kwa umeme ndani ya chombo pia husema. Hewa iliyobaki ndani, kwa sababu ya nitrojeni, huwaka zambarau. Hidrojeni huelekea wekundu wa waridi. Jicho peke yake hudanganyika, na kamera ndiyo kabisa, kwa hiyo bora mwanga huo uchanuliwe: hata uso wa sidii unaweza kuugawa uonekane mstari mwekundu wa hidrojeni. (Kamera ni ya lazima, lakini. Kwa volti hizo kioo cha dirisha hupitisha eksirei, na hapo si pa kuchungulia kwa jicho.)

Kisha soma mita za umeme. Volti zikikataa kupanda huku mkondo ukijaa, gesi imezidi. Volti zikipanda hadi juu na hakuna kinachowaka, gesi imepungua mno. Kinachoudhi ni kwamba hali haitulii: plasma, yaani gesi hiyo inayowaka, hupasha kuta, kuta hutema gesi, gesi huongeza mkondo, mkondo huongeza joto, na baada ya dakika chache kizimba kinang'aa kama kaa la moto. Hapo mtu hupunguza deuteri kwa vali ya sindano, au huzima akasubiri.

Mwisho wa yote hutafutwa nyutroni, chembe ya kiini isiyo na umeme, kwa sababu karibu nusu ya miungano ya deuteri hutoa moja. Hapa ndipo furaha ya uongo huzaliwa: cheche moja ya volti nyingi hutosha kukifanya kihesabio cha nyutroni kilie kana kwamba nyutroni zimemiminika. Jaribio la kuumbua ni jepesi. Weka hidrojeni ya kawaida badala ya deuteri, washa kwa volti zilezile na mkondo uleule. Kihesabio kikiendelea kulia, kilikuwa kinahesabu cheche.