Je, wajua hewa baridi ya Julai inaweza kupasha maji ya jakuzi Nairobi?

Julai jijini Nairobi jua hujificha nyuma ya mawingu siku nenda siku rudi, watu hushinda na masweta, na sola za maji moto zilizo juu ya mapaa hulemewa. Huo ndio msimu ambao mwenye jakuzi nyumbani huanza kusikia habari za pampu ya joto. Anaambiwa ni mashine inayokaa nje, inavuta hewa hiyohiyo ya baridi, na maji yanafika nyuzi 38. Muuzaji huongeza kwamba kila uniti moja ya stima italeta uniti nne au tano za joto. Anayesikia hayo kwa mara ya kwanza huhisi anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mbuzi yumo. Ila hunenepa na kukonda kulingana na pengo lililopo kati ya joto la hewa na joto la maji, na hilo wauzaji wengi hawaligusii.

Kwanza, joto lenyewe linatoka wapi? Hewa ya alfajiri yenye nyuzi 12 tunaiita baridi kwa sababu miili yetu ina nyuzi 37. Baridi kamili, ile isiyobakiza joto lolote la kutoa, iko nyuzi 273 chini ya sifuri. Kwa hiyo hata alfajiri ya Dagoretti ina joto tele. Shida ni kwamba joto hutoka penye moto kwenda penye baridi. Halipandi lenyewe kutoka hewa ya nyuzi 12 kuingia maji ya nyuzi 38. Lazima lisukumwe, na hapo ndipo stima inapotumika.

Ndani ya mashine mna gesi inayochemka kirahisi mno. Aina inayotumika sana siku hizi, R32, huchemka kwenye nyuzi 52 hivi chini ya sifuri ikiwa haijabanwa. Katika koili ya nje gesi hiyo, ikiwa bado kiowevu, huwekwa baridi kuliko hewa, tuseme nyuzi 3, kwa hiyo hewa ya nyuzi 12 inayopulizwa na feni huipa joto na kuigeuza mvuke. Kisha kompresa huubana ule mvuke, na mvuke ukibanwa hupata moto kupita ule wa maji ya jakuzi. Unapopita kando ya bomba la maji unaacha joto lake humo, unarudi kuwa kiowevu, unalegezwa kwenye vali, unapoa, na safari inaanza upya. Friji yako hufanya kazi hiyohiyo: hutoa joto kwenye maziwa na kulimwaga jikoni. Wazo lenyewe ni la zamani, maana William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alilipendekeza mwaka 1852 kwa ajili ya kupasha majengo.

Sasa tupige hesabu. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji wati-saa 1.16, na uniti moja ni wati-saa 1,000. Jakuzi ya lita 1,000 iliyojazwa maji ya nyuzi 18 na kupelekwa 38 inataka uniti 23 za joto. Hita ya kawaida ya kilowati 3 itazila zote 23 kwenye mita, na itachukua karibu saa nane. Pampu inayozidisha mara nne itatumia chini ya uniti sita. Kwa nyumba ya tokeni hiyo si tofauti ndogo, hasa kwa kuwa ukipita uniti 100 kwa mwezi unaingia kundi la bei ya juu.

Lakini hiyo mara nne imepimwa wapi? Karatasi nyingi za mashine hizi zimeandikiwa mabwawa ya kuogelea: hewa ya nyuzi 26, maji ya nyuzi 26, unyevu asilimia 80. Hapo pengo ni sifuri, na hata mashine ya wastani hung'ara. Hiyo ni Mombasa. Jakuzi ya Kileleshwa usiku wa Julai ina hewa ya nyuzi 12 na maji ya 38, pengo la nyuzi 26, na kompresa inatoa jasho. Kwa hiyo dukani uliza jambo moja: hewa ikiwa nyuzi 15 na maji yakiwa 38, mashine inatoa kilowati ngapi za joto na inakula ngapi za stima? Asiyeweza kujibu anauza namba za bwawa. Ikitoa kilowati 5 za kweli, zile uniti 23 zitaisha kwa muda usiofika saa tano. Ikitoa 2, jiandae kusubiri karibu saa kumi na mbili.

Kuna la mwinuko pia. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa takriban asilimia 15. Feni ikizunguka vilevile itapitisha hewa pungufu, hivyo chagua mashine yenye nguvu zaidi kidogo kuliko hesabu inavyodai. Kwa upande mwingine, usilipie modeli iliyotengenezewa theluji ya Ulaya. Nyuzi 15 chini ya sifuri hatuzioni huku. Hakikisha tu bomba la ndani ni la titani, kwa sababu klorini huila shaba, hasa pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi wake, ikishuka chini ya 7.2.

Mahali pa kuiweka ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Kwa kuogopa wezi au kwa kutaka urembo, mashine inafungiwa stoo au nyuma ya ukuta mwembamba. Kumbuka hewa inayotoka imeshanyang'anywa joto. Isipopata pa kwenda inarudi kuvutwa tena, ikiwa baridi zaidi, na pengo linapanuka kwa mikono yako mwenyewe. Acha kama mita mbili wazi mbele ya feni. Kwenye paa la ghorofa Kilimani iweke juu ya miguu ya mpira, la sivyo jirani wa chini atalala akisikiliza kompresa. Maji yapite kwenye chujio kwanza, kisha pampu ya joto, na klorini iingie mwisho. Stima iwe na laini yake, waya wa ardhini, na swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30, ikifungwa na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Stima ikipotea na kurudi, kompresa inahitaji dakika tatu hivi za kutulia kabla ya kuwaka tena. Kama mashine haina kichelewesho, kifaa kama kile cha kulinda friji kitafaa.

Kwenye matumizi, saa ndiyo kila kitu. Pasha kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni, hewa inapofika nyuzi 20 na ushei, kisha funika. Kifuniko kizito si pambo: lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na zaidi ya nusu uniti ya joto, na jakuzi iliyoachwa wazi usiku huvukiza kweli. Mwenye paneli za sola za umeme anaweza kuiendesha mashine mchana karibu bila kugusa tokeni. Usivuke nyuzi 40. Watoto wakae muda mfupi, na mjamzito aulize daktari kwanza. Mashine ikijizima yenyewe, osha chujio kabla ya kumpigia fundi, kwa kuwa maji yakipita polepole mno huwa inakata.

Ukikuta maji yametuama chini yake, usishtuke. Unyevu wa hewa hugeuka matone kwenye koili baridi, na siku ya mvua unaweza kujaza ndoo. Kuthibitisha, zima pampu ya joto lakini acha maji yazunguke kwa saa kadhaa: pakikauka, ulikuwa umande, pakiendelea kulowa, ita plamba.